Django 3.2 kwenda 5.2: draiva inakataa, na ikikubali seva ya hifadhidata inakataa

mkwezi_minazi

Wakuu, habari za kazi. Nina mfumo wa mauzo uliojengwa kwa Django 3.2.25 (kiunzi cha kujengea tovuti kwa Python), Python 3.8, PyMySQL 1.0.2 (draiva, yaani kiunganishi cha Python na hifadhidata). Hifadhidata ni MariaDB 10.3.39 kwenye Ubuntu 20.04, ukubwa kama GB 14. Nimechukua seva mpya ya Ubuntu 24.04, nikaweka Django 5.2 kwenye venv (mazingira tenga ya Python) mpya, na hifadhidata bado iko seva ya zamani. Nikiendesha `python manage.py check --database default` napata:

```
django.core.exceptions.ImproperlyConfigured: mysqlclient 1.4.3 or newer is required; you have 1.0.2.
```

Ajabu ni kwamba mysqlclient, draiva nyingine, sijawahi kuiweka. Nikakuta ushauri wa kuongeza mistari hii kwenye `__init__.py` ya mradi:

```
import pymysql
pymysql.version_info = (2, 2, 1, "final", 0)
pymysql.install_as_MySQLdb()
```

Kosa la kwanza likaondoka, likaja jingine:

```
django.db.utils.NotSupportedError: MariaDB 10.5 or later is required (found 10.3.39).
```

Maswali: (1) Je, hili la pili nalo linasababishwa na draiva? (2) Nikishuka hadi Django 4.2 nitapona bila kugusa hifadhidata? (3) Nina nafasi ya kuzima mfumo Jumapili usiku tu, saa nne hivi za kazi. Nianze na kipi?

---

nahodha_py

Mkuu, hayo ni makosa mawili yasiyojuana. Kuna tabaka tatu hapo: Django, draiva na seva ya hifadhidata. Kosa la kwanza ni Django kuikataa draiva. La pili ni Django kuikataa seva, na hapo draiva imeshafanya kazi yake vizuri, ndiyo maana imeweza kukuletea namba 10.3.39.

Jibu la (2): hapana. Django 4.2 inataka MariaDB 10.4 kwenda juu, kwa hiyo 10.3 nayo itakataliwa. Ya mwisho kuikubali 10.3 ni 4.1, ambayo haipati tena marekebisho ya usalama. Hakuna pa kukimbilia, seva ya hifadhidata lazima ipande.

Kuhusu ule mstari wa `version_info`: hiyo ni funika kombe mwanaharamu apite. Django inasoma `Database.version_info`, ikikuta namba kubwa inaruhusu, lakini ndani bado ni PyMySQL 1.0.2 ile ile. Na 1.0.2 ina tatizo la usalama la CVE-2024-36039 (kupenyeza SQL kupitia dict inayotoka kwa mtumiaji), lililorekebishwa kwenye 1.1.1. Ondoa mistari yote mitatu, si huo wa katikati tu. Ukiweka mysqlclient halafu ukaacha `install_as_MySQLdb()`, PyMySQL itaendelea kujivika jina la MySQLdb na utadhani umeshahama kumbe hujahama.

Kwenye 24.04:

```
sudo apt install build-essential pkg-config python3-dev default-libmysqlclient-dev
source venv/bin/activate
pip uninstall pymysql
pip install mysqlclient
```

mysqlclient haina faili zilizokwisha kujengwa kwa ajili ya Linux kwenye PyPI, kwa hiyo inajengwa hapo hapo kwako. Ukisahau `pkg-config`, kuanzia toleo la 2.2 utaambiwa `Can not find valid pkg-config name`. Matoleo ya nyuma yalikuwa yanalalamikia `mysql_config not found`. Dawa ya yote mawili ni hiyo orodha ya apt. Na ukiona `externally-managed-environment`, uko nje ya venv.

Kisha hakikisha kwa macho yako ni draiva gani hasa Django imeishika:

```
python manage.py shell
>>> from django.db.backends.mysql.base import Database
>>> Database.__file__, Database.version_info
```

Njia ya faili ikiwa na `/MySQLdb/`, ni mysqlclient. Ikiwa na `/pymysql/`, kuna `install_as_MySQLdb()` imejificha mahali: tazama `manage.py`, `wsgi.py`, na `settings.py`, maana watu huitupa popote.

Mtego mmoja wa kuhama kutoka PyMySQL: `HOST: "localhost"`. PyMySQL ikiona `localhost` inapita TCP. mysqlclient ikiona `localhost` inatafuta faili la soketi, `/run/mysqld/mysqld.sock`. Kama MariaDB yako imo kwenye kontena ya Docker, au iko mashine nyingine na unaifikia kwa handaki la SSH, utapata kosa 2002 la kushindwa kuunganisha kupitia soketi, na hapo watu huanza kulaumu nenosiri. Andika `127.0.0.1`, mambo yatakwenda.

---

kasa_wa_pwani

Nakubaliana na nahodha, ila kuna hali moja ya kubaki na PyMySQL: kama unaendesha `gunicorn -k gevent` (gunicorn ndiyo seva inayoendesha Django; gevent huifanya ihudumie maombi mengi kwa zamu ndani ya mchakato mmoja). mysqlclient imeandikwa kwa C, na gevent haiwezi kuikatiza inaposubiri jibu la hifadhidata. Ombi moja zito linasimamisha mengine yote kwenye mchakato huo. PyMySQL ni Python tupu, inaachia njia. Kwa mtu wa hali hiyo, weka PyMySQL 1.1.1 au zaidi. Wenyewe wameandika `version_info` ya 1.4.6 ndani yake kwa ajili ya kuendana na mysqlclient, kwa hiyo ukaguzi wa 5.2 unapita bila ujanja wowote. Lakini ukiwa na gunicorn ya kawaida, usijisumbue, nenda mysqlclient. Django yenyewe haiahidi msaada wowote kwa PyMySQL.

Sasa swali la (3), ambalo naona ndilo kubwa. Hamisha hifadhidata kwanza, Django baadaye. Sababu ni moja: Django ya zamani inaikubali seva mpya, lakini Django mpya haiikubali seva ya zamani. Django 3.2 inataka MariaDB 10.2 kwenda juu, haina kikomo cha juu kinachokaguliwa. Kwa hiyo:

Jumapili ya kwanza: MariaDB 10.11 (ndiyo inayokuja na 24.04) inapokea data. Mfumo wa zamani, Django 3.2 kwenye 20.04, unaelekezwa kwake kwa kubadili `HOST` tu. Uache utembee wiki nzima.

Baada ya hapo: Django 4.2, kisha 5.2, kila hatua na siku yake. Kikiharibika kitu, utajua ni kipi kilichokiharibu.

Usijaribu kuipeleka Django 3.2 kwenye Python 3.12 ya seva mpya. Inaita `distutils`, ambayo 3.12 imeshaiondoa, itafia mlangoni. 3.2 ibaki kule kwenye 3.8. Django 4.2 ndiyo daraja, maana inakubali Python 3.8 hadi 3.12.

Uhamishaji wenyewe. Kwanza angalia kama kuna jedwali lisilo la InnoDB (injini ya kuhifadhi inayojua miamala; MyISAM haijui):

```
SELECT table_name, engine FROM information_schema.tables
WHERE table_schema='duka' AND engine <> 'InnoDB';
```

Likitokea la MyISAM, `--single-transaction` haitalilinda. Andiko likiingia katikati ya kunakili, nakala inatoka na data zisizolingana. Kwa kuwa mfumo utakuwa umezimwa, si hatari, ila hakikisha kweli umezimwa, pamoja na cron na Celery (zinazoendesha kazi za nyuma). Watu huzima gunicorn na kuisahau Celery.

Kwenye seva ya zamani:

```
mysqldump --single-transaction --routines --triggers --events \
  --hex-blob --default-character-set=utf8mb4 duka | gzip > duka.sql.gz
```

Usitumie `--all-databases`. Kuanzia 10.4, `mysql.user` si jedwali tena, ni mwonekano tu juu ya `global_priv`. Ukimwaga humo ile ya 10.3 utavuruga akaunti zote. Watumiaji waunde upya kwa mkono:

```
CREATE DATABASE duka CHARACTER SET utf8mb4;
CREATE USER 'duka'@'10.0.0.5' IDENTIFIED BY '...';
GRANT ALL ON duka.* TO 'duka'@'10.0.0.5';
```

Badili `bind-address` kwenye `/etc/mysql/mariadb.conf.d/50-server.cnf`, maana kwa kawaida ni 127.0.0.1, kisha fungua mlango kwa seva moja tu: `ufw allow from 10.0.0.5 to any port 3306 proto tcp`. Ukipata 2003, ni mtandao au bind-address. Ukipata 1130, umefika mlangoni lakini anwani yako haimo kwenye `CREATE USER`.

Na fikiria njia ya kurudi nyuma kabla hujaanza. Nakala iliyotolewa na `mariadb-dump` ya 10.11 za karibuni inaanza na mstari kama huu:

```
/*!999999\- enable the sandbox mode */
```

Ukiipeleka kwenye mteja wa zamani, inakwama mstari wa kwanza kwa `Unknown command '\-'`. Faili halijaharibika. Kata mstari huo tu: `zcat duka.sql.gz | tail -n +2 | mysql duka`.

---

dada_indeksi

Kabla mkwezi hajafika 5.2, swali moja: mna UUIDField (safu ya vitambulisho virefu visivyojirudia) kwenye modeli zozote? Maana hapo ndipo penye shimo lenyewe, na halipigi kelele.

Django 5.0 ilibadili jambo: ikikuta MariaDB 10.7 au zaidi, inachukulia kwamba safu za UUIDField ni za aina `UUID` ya MariaDB yenyewe. Kabla ya hapo zilikuwa `char(32)`, herufi 32 bila vistari. Safu zako ziliundwa na 3.2, kwa hiyo ni `char(32)`, na Django haizibadilishi. `makemigrations` itakwambia hakuna kilichobadilika, kwa sababu kwenye `models.py` kweli hakuna.

Kinachotokea ni hiki. Kwenye jedwali imo:

```
550e8400e29b41d4a716446655440000
```

Django 5.2 inauliza:

```
WHERE id = '550e8400-e29b-41d4-a716-446655440000'
```

Hazilingani. Hakuna kosa la SQL, unapata `DoesNotExist`, na kwa mtumiaji ni ukurasa wa 404. Risiti ipo, orodha inaionyesha, ukiibofya haipo. Kosa la kelele linakuja pale unapoandika rekodi mpya: herufi 36 hazienei kwenye 32, unapata `(1406, "Data too long for column 'id' at row 1")`.

Angalia ujanja wa matoleo: mtu aliyeko Ubuntu 22.04 ana MariaDB 10.6, kwa hiyo Django 5.2 itamtendea vyema kabisa. Siku atakayohamia 24.04 yenye 10.11, bila kugusa mstari wa msimbo, ndipo risiti zinapopotea. Atatafuta kosa kwenye Django na pip siku nzima, wakati kilichobadilika ni apt.

Tafuta safu zinazohusika:

```
SELECT table_name, column_name FROM information_schema.columns
WHERE table_schema='duka' AND data_type='char'
  AND character_maximum_length=32;
```

Una njia mbili. Ya kwanza ni kubaki na `char(32)`, kwa sehemu iliyo kwenye maelezo ya toleo la 5.0 lenyewe:

```
class Char32UUIDField(models.UUIDField):
    def db_type(self, connection):
        return "char(32)"

    def get_db_prep_value(self, value, connection, prepared=False):
        value = super().get_db_prep_value(value, connection, prepared)
        if value is not None:
            value = value.hex
        return value
```

Badilisha `UUIDField` zote kwenye modeli zako ziwe hii, endesha `makemigrations`, itazaliwa AlterField (hatua ya kubadili aina ya safu) ambayo haibadilishi kitu kwenye data. ForeignKey (funguo za kigeni, safu zinazorejelea jedwali jingine) zinazoelekea huko zitafuata zenyewe, kwa sababu zinachukua aina ya safu kutoka kwa zinakoelekea.

Ya pili ni kubadili safu zenyewe:

```
ALTER TABLE mauzo_risiti MODIFY id UUID NOT NULL;
```

MariaDB inazisoma herufi 32 zisizo na vistari bila shida. Kikwazo ni funguo za kigeni: kama `mauzo_bidhaa.risiti_id` inaelekea kwenye `id` hiyo, utakataliwa kwa sababu safu inatumika kwenye ufunguo wa kigeni. Itabidi uuondoe ufunguo, ubadili safu zote mbili, uurudishe. Jedwali zima linaandikwa upya, kwa hiyo acha nafasi kwenye diski angalau ya ukubwa wa jedwali lako kubwa kuliko yote.

Mimi ningeanza na ya kwanza kwa usiku wa uhamiaji, maana haigusi data na kurudi nyuma ni rahisi. Lakini kama una kifurushi cha watu wengine chenye UUIDField ndani ya modeli zake, huwezi kuhariri modeli hizo. Hapo ni ALTER tu.

---

mkwezi_minazi

Asanteni sana. Nimefuata mpangilio wa kasa. MariaDB 10.11 imekubali, 3.2 ikatembea juu yake bila tatizo, 4.2 pia. UUID tulikuwa nazo kwenye majedwali sita, nimetumia `Char32UUIDField` kama alivyosema dada_indeksi. Sasa 5.2 iko hewani tangu Jumapili saa nane usiku (02:00), risiti zinafunguka. Yamebaki mawili:

Ripoti ya mwezi inayotumia `TruncMonth` (inayokusanya tarehe kwa mwezi) inaleta:

```
ValueError: Database returned an invalid datetime value. Are time zone definitions for your database installed?
```

Na risiti za zamani zimesogea. Iliyokatwa saa tatu asubuhi inaonyesha saa sita mchana. `TIME_ZONE = "Africa/Dar_es_Salaam"` ipo, na sijaigusa.

---

dada_indeksi

Kwenye `settings.py` yako kuna mstari wa `USE_TZ` (unaoiambia Django ihifadhi saa kwa UTC, saa ya kimataifa, au kwa saa za kwako)?

---

mkwezi_minazi

Hakuna.

---

dada_indeksi

Basi yote mawili ni kitu kimoja. Hadi 4.2, asiyeandika `USE_TZ` alihesabiwa `False`. Kuanzia 5.0 anahesabiwa `True`. Data zako zilihifadhiwa kwa saa za Dar. Django sasa inadhani ni za UTC, na inaziongezea saa 3 wakati wa kuonyesha. Na `TruncMonth` ikiwa chini ya `USE_TZ=True` inaiita `CONVERT_TZ` ndani ya MariaDB, ambayo inahitaji majedwali ya kanda za saa. Seva mpya inayo, ila ni matupu.

Sasa hivi: zima gunicorn na Celery, weka `USE_TZ = False`, endesha UPDATE iliyo hapa chini, ndipo uwashe upya. Risiti za zamani zitarudi saa zake na ripoti itafunguka.

Lakini kuna rekodi zilizoandikwa tangu saa nane usiku ile hadi utakapozima. Hizo zimeingia kwa UTC, ziko nyuma saa 3. Ukizima `USE_TZ` zitaonyesha saa 12 alfajiri kwa mauzo ya saa tatu asubuhi. Bahati yako 5.2 ilianza 02:00, ambayo kwa UTC ni 23:00 ya usiku uliotangulia. Kama hakuna kilichoandikwa kwa saa za Dar kati ya 23:00 na 02:00, basi kila kilichohifadhiwa kuanzia 23:00 ni cha UTC, mpaka uko wazi:

```
UPDATE mauzo_risiti
SET ilitolewa = ilitolewa + INTERVAL 3 HOUR
WHERE ilitolewa >= '... 23:00:00';
```

Endesha mfumo ukiwa umezimwa, mara moja tu, na baada ya nakala. Ikiingia rekodi mpya ya saa sahihi katikati, nayo itasukumwa. Rudia kwa kila safu ya DateTimeField, si `ilitolewa` pekee: tafuta `data_type='datetime'` kwenye information_schema. Zile za `auto_now` (zinazojiandikia saa kila rekodi ikihifadhiwa) ndizo zinazosahaulika, na kwa hizo linganisha safu kwa safu, maana risiti ya mwezi uliopita iliyohaririwa jana ina `ilitolewa` sahihi na `ilibadilishwa` mbovu.

---

kasa_wa_pwani

Na majedwali ya kanda za saa yajaze hata kama leo huyahitaji:

```
mariadb-tzinfo-to-sql /usr/share/zoneinfo | sudo mariadb mysql
```

Kisha pima:

```
SELECT CONVERT_TZ('2025-01-01 12:00:00','UTC','Africa/Dar_es_Salaam');
```

`NULL` maana yake bado matupu. `15:00:00` maana yake tayari. Ukija kuamua kuhamia `USE_TZ=True` kwa hiari yako, kwetu ni rahisi kuliko kwa walio Ulaya: hatubadilishi saa kiangazi wala kipupwe, kwa hiyo ni kutoa saa 3 kwenye kila safu, rekodi zote, basi.

---

mkwezi_minazi

Imerudisha 15:00:00. Risiti ya saa tatu imerudi saa tatu. Zilizokuwa nyuma ni 212 kwenye `mauzo_risiti`, na 9 za `ilibadilishwa` kama dada alivyoonya. Nimeshazisogeza.